Amri ya Saba na Udongo wa Shamba

Kila mtoto wa mafundisho aweza kuitaja Amri ya Saba, ile inayokataza wizi. Tukiisikia twafikiri kuku wa jirani au mizani ya dukani. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikieleza amri hiyo hiyo, yafundisha kwamba wanyama, mimea na ardhi vimewekwa kwa faida ya watu wote: waliotutangulia, sisi tulio hai, na wale watakaokuja.

Basi, aharibuye udongo amemwibia nani? Amemwibia mjukuu wake, asiyeweza kudai haki kwa kuwa hajazaliwa. Tena amemkosea Mungu mwenye shamba. Sheria ya Musa katika kitabu cha Walawi iliwaagiza Waisraeli waipumzishe nchi kila mwaka wa saba, ili wakumbuke kwamba wao ni wageni tu juu yake.

Somo hili tumeliona hapa Tanzania. Katika vilima vya Kondoa, ukataji wa miti na malisho ya kupita kiasi yaliacha ardhi wazi. Mvua zikauchukua udongo, yakabaki makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Ardhi ikapumzika, nyasi na miti vikarudi. Lakini tusisahau gharama yake: jamaa nyingi zilikosa maziwa na samadi waliyoizoea. Deni la udongo halifi. Hulipwa na asiyelikopa.

Huenda mtu akasema: Je, mama akate kuni, au watoto walale na njaa? Na akate. Mungu alitupa miti tuitumie, na kutumia si wizi. Wizi ni kuchukua bila kumwachia anayekuja.

Kwa hiyo, baba na mama wanapotafuta dhamiri yao kabla ya kuungama, wajiulize na haya: Je, shamba la mteremkoni tumelilima kwa kukingama, au tumeyafungulia maji njia? Je, tumechoma majani ovyo? Tulipokata mti, tulipanda mwingine? Aliyeiba hupaswa kurudisha alichokitwaa. Vivyo hivyo toba ya mkulima haitimii kwa sala peke yake. Mvua zijazo na zimkute amekwisha kuchimba matuta na kupanda miche.