Jenga Kigeuzi cha Sauti kwa Betri ya Sola: Mwongozo kwa Wapenda Muziki wa Kigoma na Ujiji

Katika uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, taa za LED za betri zimechukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi mingi. Betri ya namna hiyo, ya volti 12, ambayo pia imo katika nyumba nyingi zenye sola, ni hazina kwa msikilizaji wa muziki: umeme wake umenyooka, hauna ule mvumo wa mizunguko 50 kwa sekunde unaotoka kwenye umeme wa gridi.

Wimbo wa ubora wa CD umehifadhiwa kama namba: 44,100 kila sekunde kwa kila upande, na kila namba ikiwa mojawapo ya ngazi 65,536. Kigeuzi, ambacho madukani huitwa DAC, huzigeuza namba hizo kuwa volti za kupeleka kwenye amplifaya. Ndani ya simu au kompyuta kigeuzi kimebanana na prosesa na skrini, na kelele zao za umeme zinaweza kupenya kwenye sauti. Kikijengwa peke yake na kupewa umeme safi, hata chipu ya bei nafuu huimba vizuri. Kwa hiyo uangalifu wako mwingi uende kwenye umeme na waya wa hasi.

Vifaa

- Kibao chenye chipu ya PCM5102A
- Raspberry Pi (Zero 2 W, 3 au 4) na kadi ya memori
- Regulata ya 7805, kapasita za 0.33 µF na 0.1 µF
- Kibao cha kushusha volti cha LM2596
- Fyuzi ya ampea 3, multimita, risasi na pasi ya kulehemu
- Waya wa AUX na boksi

Usipovipata Kigoma mjini, agiza Kariakoo vije kwa basi. Boksi, soketi na nyaya unaweza kuvitoa kwenye redio mbovu.

Hatua ya 1: Tayarisha kibao

Nyuma ya kibao kuna sehemu nne za kuunganisha kwa risasi. Namba 1, 2 na 4 ziunganishe upande wa L. Namba 3 upande wa H. Namba 3 ndiyo inayofungua sauti. Kisha unganisha pedi mbili zilizo karibu na pini ya SCK, ili SCK iende GND (hasi) na chipu ijitengenezee mapigo yake ya saa. Vibao vingine huja vikiwa tayari, kwa hiyo kagua kwanza kwa multimita.

Hatua ya 2: Gawa umeme njia mbili

Funga fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Baada ya fyuzi, tengeneza njia mbili.

Njia ya kwanza ipite LM2596 kwenda Raspberry Pi. Irekebishe hadi volti 5.1 kabla ya kuunganisha chochote mbele yake.

Njia ya pili ipite 7805 kwenda kigeuzi. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa kati ni hasi, wa kulia ni wa kutoa. Weka 0.33 µF kati ya kuingiza na hasi, na 0.1 µF kati ya kutoa na hasi.

Kwa nini Pi isitumie 7805? Regulata hiyo hugeuza volti za ziada kuwa joto. Betri ikiwa na volti 12.6, kigeuzi kinachokula ampea 0.05 huzalisha joto la wati 0.4 tu. Pi ikila ampea 1, joto hufika wati 7.6.

Hatua ya 3: Kusanya hasi mahali pamoja

Hasi za LM2596 na 7805 zikutane kwenye nukta moja, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende kwenye hasi ya betri. Chukua umeme kwenye betri yenyewe, usichukue kwenye matundu ya LOAD ya chaja ya sola: chaja nyingi hukata hasi ya LOAD, na ukiiunganisha na hasi ya betri unaweza kuharibu chaja.

Hatua ya 4: Unganisha Pi na kigeuzi

- Pini 12 kwenda BCK
- Pini 35 kwenda LCK
- Pini 40 kwenda DIN
- Pini 39 kwenda GND
- Volti 5 za 7805 kwenda VIN

Nyaya zisizidi sentimita 10. BCK hupiga zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, na waya mrefu hugeuka antena.

Hatua ya 5: Elekeza programu

Weka Raspberry Pi OS kwenye kadi. Fungua faili /boot/firmware/config.txt, weka alama ya # mbele ya dtparam=audio=on, kisha ongeza mstari huu:

dtoverlay=hifiberry-dac

Washa upya. Amri ya aplay -l ikionyesha kadi ya sauti yenye jina la hifiberry, endelea.

Hatua ya 6: Sikiliza

Chomeka AUX kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini kabisa. Kigeuzi hutoa hadi volti 2.1 na hakikuundwa kusukuma spika wala hedifoni moja kwa moja.

Anza na rumba ya Franco na TPOK Jazz. Gita la solo, la mi-solo, la rithimu na la besi kila moja lisikike mahali pake. Kisha weka "Leka Dutigite" ya Kigoma All Stars (2012), uangalie kama unatofautisha sauti ya kila mwimbaji.

Kasoro na tiba

- Kimya: kagua namba 3 upande wa H, kisha DIN.
- Mikwaruzo: SCK haijafika GND.
- Mvumo mzito: amplifaya imepata hasi kwa njia mbili, rudi hatua ya 3.
- Mluzi wa mchana unaopotea jua likizama: ni chaja ya sola. Sogeza kigeuzi na nyaya mbali nayo, au tumia betri ya pili kwa muziki.

Hatua ya 7: Funga kwenye boksi

Unyevunyevu wa ziwani hula shaba. Safisha mabaki ya kulehemu kwa spiriti, inua vibao juu ya sakafu ya boksi, na ziba matundu ya hewa kwa wavu dhidi ya wadudu. Bandika mchoro wa nyaya ndani ya kifuniko, ili fundi yeyote wa Mwanga au Ujiji aweze kukitengeneza. Fedha ikipatikana tena, usikimbilie chipu ya gharama. Nunua spika bora, kwa sababu baada ya kazi hii kigeuzi si tena sehemu dhaifu ya muziki wako.