Kirikuu inagombaniwa? Endesha kwanza, hela baadaye

Wapambanaji wenzangu, kirikuu (Suzuki Carry) hazikai yadi. Ukiulizia tu unaambiwa: "Bosi, kuna mtu anakuja na hela mchana." Usitishike, huo ni mtaji wako.

Mimi yadi za Kinondoni naenda hivi:

1. Napiga simu mapema: "Nakuja asubuhi kuijaribu, msiiwashe." Injini ya baridi haifichi moshi wala mlio.

2. Nabeba leseni na fundi wangu. Hapo wanajua mteja yuko siriasi.

3. Natafuta kilima. Injini ni cc 660 tu, ikichoka bila mzigo, ukiipakia itakuwaje?

4. Kianzio sitoi kabla sijaendesha.

Wakikataa isitoke getini, aga vizuri uondoke. Kirikuu zipo, mtaji ukikatika haurudi kirahisi.