Vijana Wanaopendana na Ugonjwa wa Akili

Leo tunataka kukufundisha habari ya ugonjwa ambao watu wengi wanaona haya kuutaja, hata mbele ya munganga. Tena tutataja neno lingine ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia: mapenzi ya vijana. Maneno haya mawili yanakutana mara nyingi. Magonjwa mengi ya akili yanaanza wakati mutoto anapokuwa kijana, na ni wakati uleule ambapo moyo wake unaanza kumutafuta mwenzake.

Tuseme kwamba kuna kijana wa miaka 17 na binti wa miaka 16, wanaosoma katika nyumba moja ya masomo. Kijana alikimbia vita pamoja na mama yake. Baba yake hakuonekana tena. Tangu siku ile hapati usingizi. Anaamka usiku kwa kilio, na upepo ukipiga mulango moyo wake unaruka. Binti naye ana huzuni iliyomushika tangu miezi mingi. Hali vizuri, hacheki, anasema kwamba yeye ni mutu bure. Hawa wawili wanaonana, na kila mumoja anapata mutu wa kumusikiliza.

Je, ni vibaya? Si vibaya kupata mutu wa kukusikiliza. Watu wakubwa wa nyumba zao walipaswa kuwasikiliza kwanza, lakini walikuwa na kazi nyingine. Lakini kuna hatari hapa, na hatari hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza ujue ugonjwa wenyewe. Kila mutu anapata huzuni, nayo inapita. Lakini kama huzuni inakaa karibu muchana kutwa, siku zote, kwa majuma mawili ao zaidi, na mutu hapendi tena mambo aliyoyapenda, na usingizi na nguvu vimeharibika, huo ni ugonjwa. Si uvivu. Mutu aliyeona mambo ya kutisha anaweza kuyaona tena katika ndoto na hata muchana, kama kijana wetu. Huo pia ni ugonjwa. Wengine wanasikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia, ao wanaamini kwamba majirani wote wanawawinda. Magonjwa haya hayaambukizi. Unaweza kula naye sahani moja. Lakini angalia: kama kuchafuka kwa akili kunaanza gafula pamoja na joto la mwili, usingojee hata kesho, maana malaria inaweza kuingia katika ubongo. Mulete mugonjwa siku ileile.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Mutu mwenye moyo usiotulia anaogopa sana kuachwa. Anauliza mara kumi kwa siku, «Unanipenda?» na jibu halimushibishi. Anafungua simu ya mwenzake kuona nani amemwandikia. Akiona rafiki yake anacheka na mwingine njiani, usiku huo halali. Mara nyingine anataka ushuhuda: «Kama unanipenda kweli, lala nami.» Ao binti mwenyewe anajitoa kwa hofu tu, asiachwe. Wengi wanapata mimba kwa njia hii, si kwa tamaa sana kama watu wanavyosema katika kijiji, bali kwa kuogopa. Njaa hii ya moyo haiponi kwa mwili. Kesho yake inarudi, na sasa iko pamoja na hofu ya mimba na ya magonjwa.

Halafu inakuja siku ya siri. Binti anasema, «Sitaki kuishi tena. Usimwambie mutu. Ukisema, hutaniona tena.» Kijana anaapa. Sasa amebeba muzigo ambao hata munganga haubebi peke yake. Anakaa na simu mukononi usiku kucha, akiwaza kwamba asipojibu upesi atakuwa ameua.

Wewe kijana uliyeapa hivi, vunja kiapo. Ukivunje leo, mbele ya jua kushuka. Mwambie mama yake, ao shangazi, ao mwalimu, ao muuguzi wa kituo cha afya. Kama mumoja hasikii, mwambie wa pili. Pengine rafiki yako atakukasirikia sana. Mutu aliye hai anaweza kukasirika, na kusamehe baadaye.

Watu wengine wanaogopa kumwuliza mugonjwa kama anawaza kujiua. Wanafikiri kwamba kumwuliza ni kumufundisha. Sivyo. Ukimwuliza kwa upole, mara nyingi anapumua, maana alikuwa peke yake na wazo hilo. Kisha usimwache peke yake. Dawa za wadudu za shamba na dawa zote za nyumba zifungiwe katika sanduku, na ufunguo ukae na mutu mukubwa. Wazo la kujiua mara nyingi linapanda kama maji ya mvua, na kushuka tena. Kama sumu iko mbali saa ile, mutu anaokoka. Na kama amekwisha kumeza kitu, mumulete hospitali mbio pamoja na chupa yenyewe. Musimutapishe, musimupe maziwa wala mafuta ya mawese.

Tena kuna neno hili: «Ukiniacha, nitakufa.» Ni neno la mutu anayehitaji musaada, na lazima watu wa nyumba yake walijue siku ileile. Lakini si kamba ya kukufunga. Unaweza kumaliza urafiki. Umalize kwa maneno wazi na ya upole, muchana, wakati ndugu zake wako karibu, wala usitoweke tu bila kusema.

Ninyi wazazi, mukisikia habari ya mapenzi haya, ninajua fimbo inakuwa karibu. Iacheni. Mutoto mwenye ugonjwa akipigwa na kufungiwa nyumbani, mutu pekee aliyemusikiliza anaondolewa, na siri inakwenda chini zaidi. Mwulize anavyolala. Mwulize anachoogopa. Kisha mulete.

Wengine wanapeleka wagonjwa hawa kwa mufumu, na wengine katika nyumba za maombi ambako wanafungwa minyororo na kunyimwa chakula. Kuomba ni kuzuri, na hakuna dawa inayokataza maombi. Lakini kumbuka Eliya alipokaa chini ya muti akitamani kufa. Hakupigwa, wala hakunyimwa chakula. Alipewa mukate na maji, akaachwa alale, akapewa tena.

Dawa ziko. Ile inayoitwa haloperidoli, ya watu wanaosikia sauti, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, na hata leo inatumiwa katika inchi nyingi. Dawa za huzuni zinachelewa: hazisaidii siku ya kwanza, bali baada ya majuma mawili hata sita, na wengi wanaziacha katika juma la kwanza wakisema ni bure. Kijana akianza dawa hizi, aangaliwe sana majuma ya kwanza, na arudi siku aliyoambiwa. Kwa kijana wetu anayeota vita, dawa si kitu cha kwanza; kuzungumuza mara nyingi na mutu aliyefundishwa kazi hiyo kunasaidia zaidi. Asijitulize kwa kasiksi, lutuku ao bangi. Bangi inaweza kumuletea zile sauti ambazo hakuwa nazo.

Je, hawa wawili wanaweza kuoana siku moja? Watu wengi wenye ugonjwa wa akili wameoa na kuolewa, wakalea watoto vizuri. Lakini mbele ya mahari kila mumoja amwambie mwenzake ugonjwa wake na jina la dawa yake, maana jambo lililofichwa linaonekana mwezi wa kwanza wa ndoa. Na mwanamuke mwenye kumeza dawa amwambie muuguzi mbele ya kupata mimba. Dawa nyingine, kama ile ya valproate inayotumiwa pia kwa kifafa, zinaweza kumuharibu mutoto tumboni. Munganga atatafuta nyingine. Asiiache yeye mwenyewe gafula.

Lakini miaka 16 na 17 bado. Sheria ya Kongo, iliyobadilishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa wote wawili, na mahari ya wazazi haiwezi kupunguza miaka hiyo. Kwa sasa wafanye hivi: binti aje hospitali pamoja na mama yake ao shangazi, kijana aje na mutu wake, kila mumoja na fishi yake. Wakitaka, waje siku mbalimbali. Munganga hatamwambia mumoja maneno ya mwenzake.