Niende Moshi na Passo?

Msomaji wa Chemba ameandika: “Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, nauza alizeti. Nimejaliwa kununua Passo. Desemba nataka kuwapeleka watoto na mama yangu Moshi, wakalione kaburi la baba yao, tukiwa na gunia la mahindi na ndoo mbili za mafuta kwa wakwe. Kaka yangu mkubwa amesema mbele ya watoto kwamba hicho ni kigari cha kwendea sokoni, nitawaua njiani. Tangu siku hiyo silali. Niahirishe?”

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa gari ulilolipata kwa jasho lako. Usiahirishe. Ila gunia na ndoo zipande basi.

Injini ya Passo yako ni ya cc 996, plagi tatu, nguvu za farasi 71. Ikiwa nzima, kwenye tambarare itakwenda kilomita 80 kwa saa kutwa nzima bila kulalamika. Lami nayo ipo: kilomita 251 za Dodoma hadi Babati zilizinduliwa Aprili 2018. Shida ni mlima. Ukishapita Kolo unapanda kuelekea Bereko, na kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Nanyi mko watano, gari limeshajaa kabla ya mzigo.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na Vitz, tumejaa, buti limefungwa kwa kusukumwa, nikatoka kulipita lori la vitunguu kwenye mpando huohuo. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikapiga kelele, mwendo haukuongezeka. Basi likachomoza mbele. Nilirudi nyuma ya lori kwa rehema za Mungu, na mikono ilinitetemeka mpaka Babati.

Hapo ndipo kaka yako ana haki. Gari la kilo 900 hivi likikutana uso kwa uso na basi, waliomo hawana kinga. Kwa hiyo mlimani usilipite lori lolote, hata wa nyuma wakikupigia honi. Kaa nyuma yake kwa nafasi, upande nalo taratibu. Mkishuka, usikae juu ya breki. Toa D, weka gia ndogo, injini ilizuie gari.

Matairi yananitia wasiwasi kuliko injini, maana magari mengi madogo yanatembelea matairi ya mtumba. Tafuta ubavuni tarakimu nne: 2414 maana yake ni wiki ya 24 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo likatae hata kama kashata bado ni nzima, kwa kuwa mpira umeshakauka. Upepo jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fundi aangalie feni na rejeta, na humo mtie kulanti; maji ya visima yenye chumvi yanakula chuma.

Ondokeni kukipambazuka. Baada ya Babati mtapita Kwa Kuchinja, katikati ya Tarangire na Manyara, ambako wanyamapori huvuka barabara, na usiku hutamwona pundamilia mpaka umemfikia. Kwenye nyanda hizo basi likikupita utasikia gari linasukumwa pembeni. Shika usukani kwa mikono miwili, usishtuke. Mama asimame anyooshe miguu kila baada ya saa mbili. Giza likikaribia kabla ya Arusha, laleni. Kaburi litawasubiri.

Kaka yako mwombe akusindikize kwa fundi, azisome mwenyewe zile tarakimu za matairi. Amesema vibaya, tena mbele ya watoto, lakini ni mjomba aliyeogopa. Mkifika Moshi, mpigie yeye kwanza, kabla watoto hawajashuka garini.