Umeme, Panya na Mfuko wa Uzazi

Majuzi dada yangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Ana mimba ya miezi sita, na hospitali wamemwambia mtoto hakui vizuri, huenda damu haifiki ya kutosha kwenye mfuko wa uzazi. Shoga yake kamwambia kuna kimashine cha kusisimua neva kwa umeme, eti wanasayansi wamekithibitisha. "Mdogo wangu, si uko London? Ninunulie." Vinauzwa kweli hapa. Sikununua, na sababu ni maswali matatu.

Kwanza, neva ipi? Kwa panya waliopewa nusukaputi, ukiipitishia umeme neva ya pelviki, damu ya mfuko wa uzazi inaongezeka. Ukiipitishia ya haipogastriki, mishipa inabana na damu inapungua. Mtafiti kaifungua neva anaiona. Kimashine kinabandikwa juu ya ngozi tu.

Pili, mnyama ana mimba? Mwaka 1906 Arthur Cushny, profesa wa University College hapa hapa London, alichapisha majaribio ya paka. Neva ileile ya haipogastriki iliposisimuliwa, mfuko wa paka asiye na mimba ulilegea, wa mwenye mimba ukakaza. Na mfuko ukikaza unaminya mishipa ya damu inayopita ndani yake.

Tatu, walilinganishwa na nani? Mwaka 1996 Elisabet Stener-Victorin na wenzake wa Sweden waliwatibu wanawake 10 kwa sindano zenye umeme, na ukinzani wa mishipa ya mfuko wa uzazi ukapungua. Habari njema, lakini wanawake hao walikuwa wanatafuta mimba, hawakuwa nayo, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Hapa Uingereza vimashine hivyo hutumika kupunguza uchungu wa kujifungua, na NHS haishauri kuvitumia kabla ya wiki ya 37. Dada yangu hata 30 hajafika.

Nilimwambia: "Dada, hiyo pesa nakutumia, lakini ni ya nauli ya kliniki. Wakupime presha, wampime mtoto, usikose hata tarehe moja." Alinuna kidogo, ila kaenda.

Wenzangu, nyumbani wanatuamini kwa sababu tuko huku. Mtu akikuuliza, usijibu kwa kusoma kichwa cha habari. Uliza kwanza: neva ipi, mnyama gani, alikuwa na mimba?