Nyuki Watoboa Mbao

Katika shamba la shule moja palikuwa na ua wa nguzo za miti mikavu, na nyuma ya ua huo wanafunzi walikuwa wamepanda bilinganya na kunde. Asubuhi moja wanafunzi wawili waliotumwa kupalilia waliona nguzo moja ina tundu la mviringo, upana wake kama wa kidole, na chini yake unga wa mbao umemwagika. Mara akaja nyuki mkubwa mweusi, mwenye mikanda miwili ya manjano mgongoni, akavuma na kuingia tunduni. Karibu na hapo alikuwapo nyuki mwingine ambaye mwili wake wote ulifunikwa na nywele za manjano. Huyo alikuwa akielea hewani mahali pamoja, kama askari aliye zamu.

Mwanafunzi wa kwanza akasema, "Hawa ni aina mbili. Mweusi ndiye mharibifu, maana ndiye atoboaye nguzo. Wa manjano hana kosa." Wa pili akajibu, "Basi na tumwage maji ya moto tunduni, weusi wafe wote." Wakashika njia kwenda jikoni. Kabla hawajafika wakakutana na mwalimu wao, wakamwamkia, wakamweleza shauri lao. Mwalimu akasema, "Wanangu, mmekwisha kutoa hukumu, na mshtakiwa bado hamjamjua. Twendeni kwanza tukamtazame."

Walipofika uani, mwalimu alimkamata yule wa manjano kwa mkono mtupu. Wanafunzi wakaruka nyuma, lakini nyuki hakuchoma, kwa kuwa hakuwa na mwiba. Kisha mwalimu akawapeleka darasani, akafungua sanduku lenye wadudu waliokaushwa, akatoa nyuki wawili mfano wa wale wa uani, mmoja mweusi na mmoja wa manjano. Akawapa kioo cha kukuzia, akawaambia wahesabu vipingili vya papasi zao. Papasi ni zile pembe mbili nyembamba zilizo kichwani mwa mdudu, ambazo kwazo hugusa na kunusa. Wakahesabu polepole, wakarudia mara ya pili. Mweusi alikuwa na vipingili 12 katika kila papasi, na wa manjano alikuwa na 13.

Mwalimu akasema, "Hiyo ndiyo alama. Nyuki mwenye vipingili 12 ni jike, na mwenye 13 ni dume. Mwiba nao ni wa jike peke yake."

Wanafunzi hawakuridhika upesi. Yawezekanaje mume na mke wa aina moja kupishana rangi namna ile? Basi mwalimu akachukua kipande cha nguzo ya zamani kilichokuwa na tundu kama lile, akakifunika kwa kitambaa chembamba, wakangoja. Baada ya majuma machache nyuki wachanga wakaanza kutoka, na wote walitoka katika tundu lile moja. Wengine walikuwa weusi wenye mikanda, na wengine walikuwa wa manjano mwili mzima. Hapo ubishi ukaisha, kwa maana ndugu wa tumbo moja hawawezi kuwa aina mbili.

Kosa la wanafunzi wale si la ajabu. Hata wataalamu wa zamani, waliopelekewa wadudu wakavu kutoka nchi za mbali bila kuwaona wakiishi, walipata kumwita dume jina moja na jike jina jingine, wakidhani ni aina mbili. Wale waliokuja baadaye walilazimika kuyasahihisha majina hayo.

Ili kuepuka machafuko, wataalamu huwapanga viumbe kwa daraja. Viumbe vinavyozaana wenyewe kwa wenyewe huhesabiwa kuwa aina moja, nayo huitwa spishi. Aina kadhaa zilizo karibu kwa umbo na asili huwekwa pamoja katika ukoo mmoja, nao huitwa jenasi. Kila aina ina jina la maneno mawili: neno la kwanza ni la ukoo, na la pili ni la aina yenyewe. Desturi hii iliimarishwa na Carolus Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1758 aliwaweka nyuki wote katika ukoo mmoja tu, Apis. Baadaye ilionekana kwamba ukoo huo umechanganya nyuki wasiohusiana kwa karibu, yaani nyuki wa asali waishio maelfu kwa maelfu pamoja, na nyuki wa mwitu wengi ambao kila jike hujijengea kiota chake.

Mwaka 1802 Pierre André Latreille, padre wa Ufaransa, aliwatenga nyuki watoboa mbao, akawapa ukoo wao wenyewe uitwao Xylocopa. Neno hilo limetokana na Kiyunani, na maana yake ni mkata mbao. Latreille alijua vema thamani ya kumtambua mdudu mmoja. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1789, alitiwa gerezani katika mji wa Bordeaux pamoja na mapadre wengine. Siku moja aliona mbawakawa mdogo sakafuni, akamtambua kuwa ni wa aina isiyoonekana mara nyingi. Tabibu wa gereza alistaajabu kuona mfungwa akishughulika na mdudu, akampeleka mdudu yule kwa kijana mmoja wa mji huo, Bory de Saint-Vincent, aliyependa elimu ya viumbe. Kijana akafahamu kwamba aliyemtambua si mtu wa kawaida, akasaidia mpaka Latreille akafunguliwa. Wengi wa wenzake wa kifungo waliangamia, lakini yeye aliishi hata mwaka 1833.

Ukoo wa Xylocopa una aina zaidi ya 400 duniani, na nyingi huishi katika nchi za joto. Katika Afrika ya Mashariki zipo aina kadhaa, na tatu kati ya hizo zafaa kujulikana kwanza. Alama zifuatazo ni za majike.

Ya kwanza ni Xylocopa caffra, ambayo Linnaeus aliieleza mwaka 1767. Jike ni mweusi, ana mkanda mmoja mwishoni mwa kidari na mwingine mwanzoni mwa tumbo. Dume wake ndiye yule wa manjano mwili mzima.

Ya pili ni Xylocopa flavorufa. Jike ni mkubwa kuliko caffra, na tumbo lake ni jeusi, lakini kidari chake kina nywele nyekundu kama kutu ya chuma. Jina lake ni la Kilatini, maana yake ni manjano na nyekundu.

Ya tatu ni Xylocopa nigrita. Huyu naye ni mkubwa sana. Jike ni mweusi, na ubavuni mwa tumbo ana nywele nyeupe. Dume wake ana nywele za rangi ya manjano iliyofifia kama majani makavu.

Mtu akitaka kumtambua jike wa mojawapo ya aina hizi tatu, na aulize maswali kwa taratibu. Je, kidari kina nywele nyekundu? Kama kinazo, ni flavorufa. Kama hakina, je, ipo mikanda miwili mgongoni? Kama ipo, ni caffra. Kama haipo, je, pembeni mwa tumbo pana nywele nyeupe? Kama zipo, ni nigrita. Jibu likiwa hapana mara zote tatu, nyuki huyo ni wa aina nyingine, wala haifai kumlazimishia jina lisilo lake.

Tena rangi peke yake haitoshi. Katika aina ya caffra wapo majike ambao mikanda yao ni meupe badala ya manjano, nao ni caffra vilevile. Nywele za nyuki mzee huchakaa na kupauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kwa hiyo mtaalamu hutazama na mambo mengine: mishipa ya mabawa, umbo la uso, miguu, na vishimo vidogo vilivyo juu ya ngozi ngumu. Jike wa caffra ana hata mfuko mdogo mwanzoni mwa tumbo, ambao ndani yake huishi utitiri. Siku hizi wataalamu huchunguza pia vinasaba, yaani zile chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa wazazi wake. Alama nyingi zikikubaliana, jina huwa na hakika, kama vile shauri la barazani linavyokuwa na nguvu likiwa na mashahidi wengi.

Mwanafunzi aweza kuuliza, "Jina lina faida gani kwa mkulima?" Faida yake yaonekana katika ua la bilinganya. Chavua, yaani unga wa maua, imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo sana nchani. Nyuki wa asali hawezi kuitoa vema. Jike wa caffra huling'ang'ania ua, akautetemesha mwili wake kwa mvumo mkali, na chavua humwagika kama chumvi itikiswayo katika chupa. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, wataalamu walimwona caffra kuwa mmoja wa nyuki wa mwitu wanaosaidia bilinganya kuzaa. Tena katika Kenya majike wa flavorufa, ambao hutembelea maua ya kunde, waligandishwa vyombo vidogo sana vya redio mgongoni ili safari zao zijulikane. Habari iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba nyuki hao waweza kwenda mbali hata kilometa 6.

Na kuhusu nguzo, jike hali mbao. Huikata kwa taya zake, akachimba njia ndani, akaweka donge la chavua iliyochanganywa na maji matamu ya maua. Juu ya donge hutaga yai moja, akaziba chumba kwa unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Huchagua mti mkavu usiopakwa rangi. Basi mwenye kuipenda boriti yake na aipake rangi, naye aache gogo kavu pembeni mwa shamba kwa ajili ya nyuki.

Wanafunzi wale wawili walifanya hivyo. Nguzo iliyotobolewa waliing'oa kwa uangalifu jioni, wakaisimamisha nyuma ya bilinganya, na mahali pake uani wakatia nguzo mpya iliyopakwa rangi. Kama maji ya moto yangalimwagwa siku ile, wangaliua majike wanaoyahudumia maua yao wenyewe, wakaacha madume wasioweza kuendeleza kizazi peke yao. Mvua zilipokwisha walichuma bilinganya, na mmoja wao akatundika darasani kibao kidogo chenye maneno haya: "Tazama kwanza, hesabu, kisha sema."

MASWALI

1. Kwa nini wanafunzi walidhani nyuki wa uani ni aina mbili?
2. Taja alama mbili zinazotofautisha jike na dume.
3. Ukoo na aina hutofautianaje?
4. Kwa nini haifai kutegemea rangi peke yake?
5. Nyuki mtoboa mbao hulisaidiaje ua la bilinganya?
6. Tafuta mti mkavu wenye tundu la mviringo. Mtazame nyuki wake kwa mbali, andika alama zake, kisha ujaribu kumtambua kwa maswali yaliyo katika somo hili.