Huduma kwa Wenye Ulemavu: Tunapima Nini?



Mpendwa kijana, Kwaresima ikifika wengi wetu tunabeba sabuni, unga na sukari kwenda kwenye kituo cha watu wenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo. Tunaimba, tunapiga picha, tunarudi. Ukiulizwa kituo kikoje, unajibu: "Pazuri jamani, pasafi." Hivi usafi unatosha kutuambia kwamba wanaoishi pale wanaishi vizuri?

Kuna mahali hata huo usafi haukuwepo. Pale Staten Island, New York, kulikuwa na taasisi ya Willowbrook, iliyojengwa kwa watu 4,000. Kufikia 1965 walikuwa kama 6,000. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Geraldo Rivera aliingia na kamera, Wamarekani wakaona watoto wako uchi, wamekaa kwenye uchafu. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1987 ikafungwa.

Sasa, kumtoa mtu kwenye uchafu ni jambo moja. Kituo kinaweza kuwa na vitanda vya kutosha na mafaili yaliyopangwa vizuri, na bado mtu akaishi humo miaka ishirini bila rafiki hata mmoja asiyelipwa mshahara kukaa naye. Ndiyo maana mwaka 1993 shirika la Marekani liitwalo The Council on Quality and Leadership lilileta kipimo cha Personal Outcome Measures. Mpimaji anaanza kwa kuzungumza na mhusika mwenyewe. Unaishi na nani, na nani alichagua? Una marafiki? Ukitaka kuwa peke yako, unaweza? Baadaye ndipo anaangalia kama kituo kinamsaidia kupata anayoyataka.

Bartimayo naye alikuwa kipofu, shida yake kila mtu aliiona, lakini Yesu alimuuliza kwanza anataka nini.

Kuuliza kwenyewe si mchezo. Mtu aliyezoea kuamriwa kila kitu anaweza kujibu "ndiyo" kwa kila swali, hasa mlezi wake akiwa amesimama pembeni. Kwa hiyo zungumza naye faraghani kidogo, ila mahali mnapoonekana. Geuza swali: badala ya "unapenda chakula cha hapa?" uliza "unapenda ugali au wali?", kisha "jana ulikula nini?" Asiyeongea anaweza kuonyesha picha, na uso wake unasema mengi. Anayemjua kwa karibu atakusaidia kumwelewa, ila asimjibie.

Basi safari ijayo, kabla ya picha, kaa na mmoja tu. Muulize shati alilovaa alilichagua nani. Na ukisikia jambo la kutisha, yaani kupigwa au kufungiwa, usiliweke mtandaoni wala usimkabili mlezi pale pale, maana atakayebaki naye usiku si wewe. Mwambie mlezi wenu wa vijana siku hiyo hiyo, muende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii.